Slaidi Ambazo Zdravka Hatazigusa

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Ndoo jukwaani, ndoo kwenye ngazi, sufuria ya Mama juu ya piano. Katikati ya michirizi yote hiyo mimi, Evlogi Penev, katibu wa nyumba ya utamaduni ya kijiji cha Sinya Cheshma, nimemaliza slaidi zangu. Sitaki kujisifu. Lakini nikimsubiri mwingine anisifu nitazeeka.

Jumatano ya wiki ijayo kamati ya manispaa inakuja. Mwaka huu ina paa moja tu la kutoa, na wanaolitaka ni wawili: sisi na kijiji jirani cha Byala Vrana. Atakayekosa atafunga milango majira yote ya baridi. Kwaya itahamia kwa wenye paa. Na nyumba iliyofungwa haihitaji katibu.

Slaidi ya kwanza: paa letu, picha niliyoipiga mwenyewe nikiwa nimening'inia kwenye mti wa jozi. Chini yake: "Imetayarishwa na Evlogi Penev, Katibu." Mama ameitazama, akasema jina ni kubwa kuliko paa. Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya watu wa viti vya nyuma. Akauliza kamati ina watu wangapi. Watatu. Nikabadilisha mazungumzo.

Jumanne, 12 Novemba

Nimehujumiwa!

Jana jioni kwaya ilifanya mazoezi. Kompyuta ya nyumba ya utamaduni ni moja, na Shangazi Zdravka, kiongozi wa kwaya, huitumia kuchapisha maneno ya nyimbo. Asubuhi nafungua slaidi. Paa limetoweka! Mahali pake wamesimama wanawake wa kwaya na aproni zao za kudarizi, wakitabasamu. Jina langu nimelitafuta mpaka nikachoka. Liko chini kabisa, nyuma ya kiatu cha Bi Raina.

Zdravka Mineva ana miaka sabini, ni shangazi kwa heshima tu, rafiki wa Mama. Alikuwa mkuu wa posta yetu. Posta ilipofungwa, tabia yake ya kufungua vya watu ikabaki haina kazi, ikahamia kwangu. Nilipomlalamikia alinijibu kwa upole, na huo upole ndio unaoniua. "Nimesahihisha tu, mwanangu. Kulikuwa na makosa." Makosa gani? Kwanza, hakuna anayetaka kutazama vigae vilivyovunjika kabla ya kahawa. Pili, kwaya haikuanza mwaka 1958 kama nilivyoandika. Ilianza 1961.

Nimerudisha paa. Nimerudisha jina langu, na kulikuza kidogo. Nimerudisha 1958. Niliupata wapi huo 1958? Sikumbuki. Lakini ni wangu, na kwenye slaidi zangu utakaa.

Jumatano, 13 Novemba

Nimegundua kwamba kompyuta ina kitufe cha kulitangaza faili kuwa ni la mwisho. Unabonyeza, utepe wa njano unatokea juu, na faili halihaririki tena. Watu wanaona, hawagusi. Nilibonyeza jana mchana, nikarudi nyumbani napiga mluzi. Mama akauliza kama nimepata mchumba.

Leo wanawake wa kwaya wamerudi slaidini. Safari hii wameshika na mkate.

Nikamuuliza Zdravka, hakuuona ule utepe wa njano? Aliuona vizuri sana. Pembeni mwa utepe kulikuwa na kitufe kinachouliza kama anataka kuhariri hata hivyo. "Nikasema nataka," akaniambia. "Kompyuta imeniuliza kwanza, Evlogi. Ina adabu kuliko wewe." Wanawake wenzake wakacheka mpaka mazoezi yakasimama. Nikasimama pale na ndoo yangu mkononi, nimejaa maji kuliko hiyo ndoo.

Ijumaa, 15 Novemba

Nenosiri! Kwa nini sikuanza na nenosiri?

Nimelifunga faili kiutu uzima. Asiye na nenosiri anafungua, anatazama kila kitu, lakini hawezi kuhifadhi hata nukta. Nikawakusanya wanakwaya niwaeleze, kwa heshima, kama mtu asiye na kinyongo. Nikasema ni kama makumbusho: karibuni mtazame, mikono mfukoni. Zdravka akaniitikia kwa kichwa. Akaniuliza mara mbili kama kutazama kunaruhusiwa. Nikasema kunaruhusiwa sana. Nilijiona mkarimu ajabu.

Akatazama. Kisha akalihifadhi faili lote kwa jina jingine, "Slaidi za Evlogi NZURI," na ndani ya hilo jingine akafanya alivyotaka. Paa ameliweka mwishoni, dogo, mfano wa stempu. Mwaka ni 1961. Ameongeza hata slaidi inayoonyesha kila mahali panapovuja, akatia alama nyekundu. Hiyo nakiri imekaa vizuri. Nimeikasirikia zaidi kwa sababu hiyo.

Sasa kuna mafaili mawili. Mama ameyaona yote. Nikamwomba achague bila upendeleo. Akachagua lile la Zdravka kabla sijamaliza sentensi.

Jumapili, 17 Novemba

Siku ya ushindi. Niandike taratibu ili nisisahau ladha yake.

Nimezigeuza slaidi zangu zote kuwa picha. Kila slaidi sasa ni picha moja kama ya harusi. Herufi si herufi tena, ni rangi tu. Abonyeze mpaka kidole kiote sugu, hakuna neno la kushika.

Ila Mama aliingilia. Alisimama mbele ya sufuria ya maharage, akatangaza kwamba kama Zdravka hayumo kwenye slaidi, mimi simo kwenye chakula. Nikakubali, maana maharage yalikuwa yameshanukia. Slaidi ya nne nimempa yeye: uso wake katikati, picha nzuri ya zamani kidogo. Juu nikaandika "Kwaya Yetu." Chini ya picha: Zdravka Mineva. Chini ya hapo miaka ya kwaya, 1958 – 2024. Na maneno yaliyonitoka moyoni, ingawa sikutaka yatoke: "Sauti iliyojaza ukumbi huu."

Kisha nikaizungushia kila slaidi fremu nene nyeusi. Hii ni akili yangu mwenyewe. Mtu akibandika kitu pembeni, fremu itamsema. Kwenye slaidi ya nne fremu imemeza maneno "Kwaya Yetu," lakini si neno. Picha inajieleza.

Halafu nimefuta. Nimefuta faili langu la asili, nimefuta na lile NZURI, nimemwaga na pipa la taka la kompyuta. Limebaki faili la picha peke yake, na nalo lina nenosiri. Nililiandika nimefumba macho, nikipigapiga vitufe kama anayekanda unga. Kompyuta ikataka nilithibitishe, nikalinakili bila kulitazama. Hata wakinitesa siwezi kulisema.

Na Zdravka mwenyewe hayupo! Ameondoka na basi la asubuhi kwenda Plovdiv kwa binti yake, kumsaidia kuweka pilipili kwenye mitungi ya siki. Kwa haraka hakumuaga mtu isipokuwa Mama, na simu ameisahau kwenye droo ya jiko letu la ukumbini. Mungu yupo.

Jumatatu, 18 Novemba

Meya kanisimamisha njiani. Amesikia nimefunga slaidi, na watu wananong'ona. Kitu kinachopelekwa kwa jina la kijiji, kijiji kina haki ya kukiona. Nikamwambia Bwana Meya, kuona ndiyo hasa nia yangu. Waone mpaka macho yachoke. Wasiguse tu.

Kwa hiyo nikachapisha. Kwenye mlango wa nyumba ya utamaduni kuna kisanduku cha kioo cha matangazo, kinaingia karatasi moja. Nilitaka kuweka ile ya jina langu, lakini printa iligeuza paa kuwa lami tupu. Iliyotoka vizuri kuliko zote ni ya nne. Uso wa Zdravka umetoka safi hata mikunjo inahesabika. Nikaiweka hiyo. Wataona kwamba sina roho mbaya.

Ufunguo wa kisanduku je? Zdravka ana nakala ya kila ufunguo wa nyumba hii isipokuwa huo mmoja. Nikafikiri pa kuuficha mpaka kamati ije na kuondoka. Mama alikuwa anafunga pipa la kabichi la msimu wa baridi. Nikautia kwenye mfuko wa plastiki, na alipogeuka kuchukua chumvi nikauzamisha kati ya kabichi. Ameweka ubao juu, na juu ya ubao jiwe la mtoni. Hakuna benki yenye ulinzi kama huo.

Nimelala mchana. Sikumbuki lini mara ya mwisho nililala hivyo.

Jumanne, 19 Novemba

Asubuhi nimekuta maua chini ya kisanduku. Maua meupe. Nikafurahi, nikajisemea watu wameanza kuthamini kazi. Nikayaokota ninuse. Yalikuwa mawili.

Mawili. Kwetu mtu hai haletewi maua mawili, jozi ni ya marehemu. Mtu hai huletewa moja, au matatu, au matano.

Nikarudi nyuma hatua, nikautazama mlango kama mpita njia. Fremu nyeusi. Picha katikati. Jina. Mwaka, kistari, mwaka. Maneno ya majonzi chini yake. Kila nguzo ya umeme hapa Sinya Cheshma ina karatasi ya tanzia kama hiyo, kituo cha basi kimejaa, mlango wa duka pia, kila moja na marehemu wake. Nimezipita maisha yangu yote. Baba yangu mwenyewe nilimchapishia mimi. Na jana nilisimama pale nikasawazisha kona kwa kidole nikajiambia, Evlogi, una jicho la sanaa.

Nimemuua Zdravka. Kwa printa.

Kufikia saa ya kahawa maua yalikuwa rundo. Bi Raina kaleta bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, ile ya kuombea wafu, akanipa kijiko. Nikamwambia, Bi Raina, Zdravka mzima, yuko Plovdiv. Akanishika shavu. "Ndiyo, mwanangu. Huko huko Plovdiv ndiko alikofia. Pole, maana mligombana mno, sasa yanakurudi." Kisha akamgeukia mwenzake, akasema kwamba marehemu alikuwa mzaliwa wa hamsini na nne kama yeye, walikaa dawati moja, na tazama, hata kwenye tangazo la kifo kajipunguzia miaka minne.

Nikajaribu kumpigia. Simu ikalia kwenye droo ya jikoni. Wanawake wawili waliokuwa wanaosha vikombe wakaangua kilio.

Basi nitoe karatasi. Ufunguo! Nikakimbia nyumbani. Mama alikuwa amekaa juu ya pipa analia, kitambaa machoni. Ikabidi nimweleze kila kitu, tangu mwanzo. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipiga na upawa. Nikaomba afungue pipa. Akasema kabichi iliyotiwa chumvi jana haifunguliwi leo, iwe kuna maiti au hakuna, na kwamba nimeua mtu mmoja inatosha, kabichi yake niiache. Kuvunja kioo cha nyumba ya utamaduni siku moja kabla ya kamati, hapana. Nikakifunika kwa gazeti. Wazee wa kahawani wakalichana, wakaniuliza kama sina haya.

Faili nalo siwezi kulirekebisha. Nimekaa mbele ya kompyuta nimefumba macho, nikakanda vitufe kama Jumapili ile. Mikono haikumbuki.

Kisha mchana simu ya ofisini ikalia. Mhandisi Hranimir Kolev, mwenyekiti wa kamati. Amepata habari. Sauti yake ilikuwa inakatika. Akaniambia Zdravka aliimba kwenye harusi yake, na mkewe mpaka leo akikasirika humkumbusha ule wimbo. Akasema kesho anakuja kama mtu aliyefiwa, na kwamba paa la ukumbi wa mwanamke yule yeye analiona kama deni.

Deni, kasema. Paa!

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Naapa niliufungua. Nikasikia tone linaanguka kwenye sufuria juu ya piano. Nikasema, "Asante, Mhandisi. Pigo kubwa kwetu sote."

Jumatano, 20 Novemba

Lazima niandike haya leo leo.

Ukumbi ulijaa. Kijiji kizima kimevaa nyeusi, miavuli imefunguliwa humo ndani maana mvua ilikuwa haijakata. Mhandisi Kolev aliingia na tai nyeusi na shada la maua, mawili mawili. Alikuwa amesimama mlangoni mbele ya kioo, kofia kifuani, mpaka maji yakamlowesha upara. Nyuma yake wajumbe wenzake: mama mmoja mwandishi wa kamati, na bwana mmoja wa hesabu ambaye hakusema neno siku nzima.

Nikaonyesha slaidi ya kwanza. Hakuna aliyelitazama jina langu. Ya pili, ya tatu. Nikaomba radhi nikimbilie jikoni kuleta glasi za rakia, maana kwenye msiba hata kamati hunywa.

Jikoni alikuwa amesimama Zdravka Mineva na mitungi ya pilipili mikononi.

Alishuka basi la asubuhi, akapita mlango wa nyuma kwa sababu mbele kumejaa watu. Akaniambia hakujua slaidi zangu zinapendwa hivyo, na kwamba labda amenionea. Hapo nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza. Fremu, kioo, kabichi, maua, Kolev. Akaketi kwenye kigoda.

Kisha akauliza nani amelia. Nikasema Raina amelia sana. Akaonekana kuridhika. Akauliza kama kweli mhandisi atatia saini. Nikasema kalamu iko mezani, karatasi iko wazi, imebaki hotuba yangu tu. Nikamwomba akae nyuma ya pazia la jukwaa akiwa amekufa, mpaka saini ikauke.

Nilidhani atanipiga mtungi. Akatazama dari. "Evlogi, msimu wote uliopita nimeimbisha watu chini ya miavuli. Raina amepata homa ya mapafu humu ndani. Kwa ajili ya paa, kitambo kidogo naweza kufa." Akaninyooshea kidole. "Lakini usiseme upuuzi juu yangu."

Nikarudi na glasi. Nikaweka slaidi ya nne. Uso wake ukajaa ukutani, na fremu yake nyeusi. Kolev akasimama, ukumbi wote ukasimama. Matone tu ndani ya ndoo. Mhandisi akatoa kitambaa, akajifuta macho, akakaa, akaishika kalamu.

Ningefunga mdomo pale. Mtu yeyote mwenye akili angefunga. Lakini nilikuwa na hotuba, na hotuba zangu mimi nazipenda. Nikasema, "Kwaya hii, iliyoanza mwaka 1958..."

Pazia likatikisika.

Nililiona. Nikajua ni nini. Na hapa ndipo ninapojichukia, kwa sababu shetani aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza maishani ninazungumza na Zdravka hawezi kunisahihisha. Nikanyoosha shingo. Nikarudia, polepole, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma. "Naam, ndugu zangu. Elfu moja mia tisa hamsini na nane."

"Sitini na moja!" Pazia likafunguka. "Ni sitini na moja, Evlogi, nimekuambia tangu wiki iliyopita. Mama yangu aliianzisha mwaka nilioingia darasa la kwanza, mimi nikishika mwavuli."

Bi Raina akamwangukia jirani yake. Mwandishi wa kamati akapiga ishara ya msalaba na kalamu ingali mkononi, akajichora wino kwenye paji la uso. Mhandisi Kolev hakusogea. Zdravka aliwapita wote, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta kusahihisha mwaka. Marehemu, na koti la safari, na kibeti begani. Akabonyeza. Kompyuta ikamtaka nenosiri. Akanigeukia. Ukumbi wote ukanigeukia.

Nikasema faili halifunguki. Mhandisi akauliza, halifunguki kwa nani. Nikasema kwa mtu yeyote. "Hata kwako?" Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vimelowa.

Kolev akaweka kalamu chini. Niliisikia ikigusa meza. Akasema kwa sauti ndogo, "Bi Zdravka, mimi nimekulilia tangu jana. Mke wangu hajala." Nikaliona paa likiondoka kwenda Byala Vrana kwa miguu yake lenyewe, na kwaya nyuma yake, na Mama, na pipa la kabichi.

Zdravka akamwendea. Akalichukua lile shada mikononi mwake, akalihesabu kwa kidole kama alivyokuwa akihesabu stempu. Akachomoa ua moja, akalipachika kwenye kifungo cha koti la mhandisi. "Sasa ni ya mtu hai," akasema. "Asante, mwanangu. Mwambie mkeo ale. Na huyu msimkasirikie, huyu ni wetu, tumemzoea. Kasirikieni hili paa."

Tone likaanguka juu ya karatasi ya kamati. Kolev akaisogeza. Tone jingine likaifuata pale pale. Akaisogeza tena. Mabega yake yakaanza kucheka kabla ya uso, kisha uso nao, mpaka machozi yale yale ya msiba yakapata kazi nyingine. Akatafuta sehemu kavu kwenye karatasi, akatia saini.

Akaweka sharti moja. Taarifa kamili ya paa ataiandika Bi Zdravka, na faili liwe wazi, kila mtu kijijini aweze kuliona na kulirekebisha. Kila mtu. Alipolisema hilo alinitazama mimi, kwa huruma, na huruma hiyo imeniuma kuliko upawa.

Nililia jikoni. Nakiri. Sehemu ni furaha ya paa. Sehemu ni ile "huyu ni wetu."

Alhamisi, 28 Novemba

Taarifa imekwenda. Faili lilikuwa wazi wiki nzima. Bi Raina aliongeza homa yake ya mapafu. Meya aliongeza koma. Mama aliongeza kwamba sufuria iliyo juu ya piano ni yake na inarudishwa. Kila mtu amegusa, na bado, sijui kwa vipi, imetoka vizuri.

Nilitafuta jina langu. Lipo, ukurasa wa mwisho, ameliandika Zdravka mwenyewe: "Ndoo zilimwagwa na Evlogi Penev." Nilitaka kulirekebisha. Nilikuwa na ruhusa, kama kila mtu. Nikalitazama kwa muda mrefu. Nikaongeza neno moja tu, "Katibu." Asubuhi lilikuwa limefutwa.

Jumamosi, 7 Desemba

Mafundi wako juu ya paa tangu Jumatatu. Jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Nikola, Mama akafungua pipa. Kabichi safi kabisa. Ufunguo wangu ukatoka na jani, ukaangukia sahani ya Zdravka, aliyekuwa mgeni wetu. Akaufuta, akanirudishia, hata hakuuliza. Amelegea, nikajisemea. Sasa ndio wakati.

Maana jambo hili nimelifikiria sana, nikaona kosa lilikuwa wapi. Slaidi hazikuwa na kosa. Kufunga hakukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kufunga sura ya mtu mwingine.

Leo alfajiri nimeweka kwenye kisanduku karatasi mpya. Picha yangu katikati, ile ya pasipoti, niliyovaa suti. Jina: Evlogi Penev. Miaka ya utumishi: 2009 – 2024. Chini: "Bila yeye tusingekuwa na paa." Juu nimeandika "Shukrani," ingawa fremu nimeinenepesha kidogo ili ipendeze. Nilitaka iwe ya bluu lakini wino wa rangi umekwisha, ni nyeusi tu. Nimeifunika kwa plastiki ya moto pande zote mbili. Haihaririki, hailowi, haichaniki. Hatari ya mara ile haipo tena, kwa sababu Zdravka alikuwa amesafiri, mimi watu wananiona kila siku.

Ufunguo nimeutupa kisimani.

Naandika haya kituo cha basi. Nakwenda Burgas kwa binamu yangu siku chache, nipumzike, nimestahili. Sikumuaga mtu, wamelala bado. Simu nadhani nimeiacha mezani.

Kutoka hapa naona mlango wa nyumba ya utamaduni vizuri. Bi Raina amesimama mbele ya kioo. Amesoma. Amesoma tena. Sasa ameinamisha kichwa, nadhani ameguswa. Amekwenda kwake mbio, amerudi. Ana maua meupe.

Basi ndilo hili linakata kona. Kwa umbali huu siwezi kuapa, na miwani yangu ina ukungu. Lakini nionavyo mimi ni matatu.